Nimekuacha Majini, Mama

Mama yangu mpendwa,

Mugonile. Pokea shikamoo yangu, kisha ukae kwanza, maana nakujua, utakuwa umeifungua barua hii ukiwa umesimama. Goti la kushoto linaendeleaje? Wifi Neema aliniambia siku hizi unashuka shambani na fimbo, ila ukifika unaitupa kwenye tuta na kuinama kama zamani. Na kakao je? Nimesikia mvua imekataa kuacha, watu wanaanika ndani karibu na moto, inashika moshi na wanunuzi wanaisukuma pembeni. Naomba yako isiwe imeshika moshi. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, baridi nimeizoea kwa kiasi cha mtu anayejua kwamba hatazoea.

Aliyekuletea barua hii anaitwa Mercy. Ni mtu wa Karonga, hapo ng'ambo ya mto Songwe, na miaka miwili tumekaa naye ofisi moja, meza kwa meza. Mpokee kama ungenipokea mimi. Usimwache aondoke kabla hujamaliza kusoma, kwa sababu na yeye yumo humu ndani, na kuna neno anapaswa kulisikia kutoka kwako.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu unanijibu "sawa, mwanangu" kabla sijafika katikati ya maneno, na safari hii siitaki hiyo sawa.

Nilikwambia kwamba huku chuo kikuu nafundisha. Ni kweli nusu. Nafundisha mahali pa maprofesa wakiwa safarini, kwa mkataba wa miezi. Ukiisha naandika kuomba, wanauongeza au hawauongezi. Mtu aliyemaliza shahada ya uzamivu hivi karibuni, tena katika mambo ya jamii, hana kiti chake mpaka apate ufadhili wa utafiti wake mwenyewe. Hapa kuna mfuko kwa ajili ya watu kama sisi. Wanatuita watafiti wachanga. Usicheke. Nina miaka thelathini na mbili, wenzangu niliosoma nao Ipyana wana watoto wanaokaribia kumaliza darasa la saba, na huku mimi ni mchanga.

Anayeupata ufadhili huo anapewa miaka mitatu ya kufanya kazi aliyoiomba. Kwangu maana yake ni kuja Kyela, kukaa Kyela, na kulipwa kwa kukaa Kyela. Asiyeupata anafunga mizigo. Fani yetu ilikuwa na nafasi moja. Nimeipata mimi, Mama. Yaani, nimekaribia kuipata. Hapo ndipo kichwa changu kinapozunguka, na nitakueleza taratibu kwa kuwa hata mimi sijayaelewa mambo yenyewe.

Unakumbuka siku ile ya likizo tulipokuwa tunageuza kakao kwenye mikeka? Niliweka simu katikati yetu nikakwambia, "Mama, narekodi." Ukasema, "Rekodi, ili ukiwa huko usisahau sauti yangu." Nilidhani nimeomba ruhusa na wewe umenipa. Sasa nikisikiliza tena nasikia kila mmoja wetu akizungumza jambo lake.

Nilikuuliza habari za ukutila, jinsi mke alivyopaswa kumwogopa baba mkwe wake: asimtazame, asipite mbele yake, asikae naye chini ya paa moja. Ukaanza kucheka kabla hujaanza kusimulia. Ulikuwa na mimba ya kaka Gwamaka, ya miezi saba, unatoka shambani na kapu la ndizi kichwani.

"Babu yako alikuwa anakohoa kabla ya kufika kwenye kona," ulisema. "Hakuwa na kifua. Alikuwa anatupigia kengele. Siku ile upepo wa ziwani ukakichukua kikohozi, mimi nikaja kuona miguu."

Ukaruka kutoka njiani. Ukaingia kwenye jaruba la mpunga, kapu na wewe, ukachuchumaa mpaka maji yakafika kiunoni, ukajifunika uso kwa kanga. Na babu badala ya kupita akakutana na jirani yake, wakasimama palepale kuongea habari za ng'ombe.

"Waliongea ng'ombe yule mpaka nikamjua na mama yake na bibi yake," ulisema. "Na ruba wamo miguuni wanakunywa."

Walipoondoka ulishindwa kuinuka. Wifi yako, shangazi Bupe, ndiye aliyekuja kukuvuta, naye akateleza, mkaangukia majini wote wawili, mkacheka mpaka mkashindwa kutoka. Na kabla wiki haijaisha babu akachukua panga, akakata njia nyingine nyuma ya migomba, hakumwambia mtu ni ya nani. Ukaanza kuipita.

Mimi nikakuuliza, "Alikuonea huruma, au hakutaka kukutana na wewe tena?"

Ukasema, "Nani anajua? Lakini njia ilikuwa kavu."

Ukacheka tena, ukacheka mpaka ukajifuta macho kwa mkono wenye utomvu wa kakao. Kisha ukanyamaza ghafla. Ukageuza mkeka wote bila kusema neno. Simu imerekodi na huo ukimya; nimeusikiliza mara nyingi kuliko maneno.

Sasa, andiko la kuombea ufadhili lilikuwa na mahali palipoandikwa: elezea kwa ufupi mtu mmoja ambaye utafiti wako unamhusu. Utafiti wangu ulikuwa juu ya njia, Mama. Nani anampisha nani huko kwetu, shambani, mpakani, sokoni, na wanawake wanapita wapi. Nikakuandika wewe. Niliandika "mwanamke mmoja wa Ipyana", sikusema ni mama yangu. Nikaandika kikohozi, nikaandika mimba, kanga, maji, ruba, na wazee wawili wakiongea juu ya ng'ombe. Nafasi ikaisha. Shangazi hakuingia. Kicheko hakikuingia. Njia kavu haikuingia, na utafiti wenyewe ni wa njia!

Nimejiuliza kama kweli nafasi iliisha. Nimeihesabu ile aya neno kwa neno. Ningeweza kutoa sentensi ya ng'ombe nikaweka ya panga. Nilijua hilo nikiwa naandika? Sijui. Nakumbuka tu kwamba nilipofika kwenye maji nilihisi mwili umesisimka, nikaweka nukta, nikaona hapo pamekamilika.

Wakaniita mbele ya jopo. Watu saba, meza ndefu, mimi upande huu peke yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya mbinu na ya vitabu. Hawakuuliza hayo sana. Mzee mmoja alivua miwani akasema, "Yule mwanamke wa kwenye maji. Nimeshindwa kumwacha." Mwingine akauliza ulikaa muda gani. Nikasema mpaka walipoondoka. Halafu mama mmoja kijana akainama mbele, akaniuliza kwa upole sana, "Na leo? Unaona bado yuko majini?"

Nilielewa anachouliza. Hakuwa anauliza juu ya jaruba. Nikajibu, "Kwa namna fulani, ndiyo."

Mama, saa ile ninasema hayo, wewe pengine ulikuwa sokoni unamkemea dalali wa mpunga. Nikakuacha majini mbele ya watu saba wasiokujua, nikawaambia bado umo.

Baada ya siku chache barua ikaja kwamba wamenichagua, kwa masharti mawili. La kwanza, utafiti ubadilishwe jina, badala ya njia uwe juu ya kujificha, na yule mwanamke wa majini awe ndiye kitovu chake. La pili, yule mwanamke asaini fomu ya ridhaa, ifike kabla ya mwezi ujao kwisha.

Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido, nikafurahi. Lazima niseme hilo. Nilifurahi kabla ya kitu kingine chochote.

Kesho yake nikaenda kwa mwenyekiti wa jopo, mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe ambaye siku zote ananiuliza kama nimekula. Nikamwambia, "Yule mwanamke ni mama yangu."

Nilikuwa tayari kufukuzwa. Nilikuwa hata nimevaa viatu vizuri kwa ajili ya kufukuzwa. Akaweka kikombe chini.

"Mama yako mzazi?"

"Mzazi."

"Lakini hiyo ni nzuri zaidi!" akasema, na macho yake yakang'aa kweli. "Kwa nini ulificha? Utaiandika habari hiyo ukiwa ndani yake."

Nikamwambia kuna sehemu niliyoikata. Nikamweleza shangazi, na panga, na njia, na kwamba ulicheka. Akafikiri kidogo. Ni mtu mwema, sitaki umchukie. Akasema, "Hayo utayaweka kwenye kitabu, baadaye, kuna nafasi. Ila jopo limepigia kura kile ulichokiandika. Ukikibadilisha sasa, itabidi nafasi ifunguliwe upya kwa wote, na hapo siwezi kukuahidi kitu. Kinachotakiwa ni ridhaa yake tu. Saini moja."

Nikatoka. Nilikwenda kuungama kosa nikarudishiwa likiwa limefungwa kama zawadi, na sijui nililipokea au sikulipokea. Nilishukuru. Nilisikia mdomo wangu ukishukuru.

Mercy nilimkuta ofisini anafunga vitabu vyake kwenye maboksi. Mkataba wake umekwisha na kibali chake cha kuishi huku kinaisha nao. Na yeye aliomba nafasi ileile. Hilo hatujawahi kufichana. Alikuwa ameandika juu ya mchele unaovushwa mpakani Kasumulu kwa baiskeli, akina mama wa kwetu na wa kwao, nani anamwamini nani ng'ambo ya daraja. Nilimsimulia yote, mimi kwa Kinyakyusa changu na yeye kwa Kingonde chake, kama tunavyoongea siku zote.

"Kwa hiyo umewashinda watu kwa mama yako," akasema. "Mimi waliniambia andiko langu halina sura. Mchele una sura gani, Tupo? Ningeuchorea macho?"

"Usinicheke, Mercy."

"Nacheka nini? Na kwetu mambo ni hayohayo. Bibi yangu alijificha nyuma ya ng'ombe, baba mkwe asimwone."

"Ikawaje?"

"Ng'ombe akaondoka."

Tulicheka mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilikisikia kicheko chetu, na kilikuwa kama chako kwenye ile simu, na bado sikujua tunachocheka ni nini. Bibi yake Mercy amebaki wazi katikati ya uwanja, anatetemeka. Ni kichekesho? Kama si kichekesho, mbona wanaokisimulia ni wao wenyewe, na wanakisimulia kwa furaha? Na kama ni kichekesho tu, ulinyamaza kwa nini? Nimesoma miaka mingi, Mama, nina vyeti ukutani, na kwa hili moja sina jibu. Wale saba wana jibu. Lao walikuwa nalo kabla hawajanisikia, na mimi nikawapa walichokuwa wanakitafuta.

Mercy akaendelea kufunga maboksi. Kisha akasema bila kunitazama, "Unajua kwamba mimi ndiye wa kwanza kwenye orodha ya akiba? Ukiacha wewe, wananiita mimi kabla sijamaliza kufungua mizigo."

Nilikuwa najua. Nikamwambia najua.

"Basi vizuri tujue wote."

"Utanipelekea barua kwa mama?"

"Nitaipeleka. Nitavuka Kasumulu, nitachukua bodaboda mpaka Ipyana, nitakula wali wa mama yako, nitakaa. Lakini usinitume kumuuliza. Mimi nataka aseme hapana."

"Ndiyo maana nakutuma wewe."

Akageuka akanitazama. "Umechanganyikiwa."

"Ndiyo."

Mama, fomu imo ndani ya bahasha. Nimeitafsiri yote. Nyuma yake nimeandika kwa mkono ile aya niliyowapelekea, kama ilivyo, sikuongeza wala kupunguza, ili uone nilivyokuandika. Isome. Usinionee huruma ukiisoma. Fomu inasema unaweza kukataa bila kutoa sababu na hakuna baya litakalokupata. Inasema pia kwamba hukushawishiwa na mtu. Hapo kalamu yangu ilisimama muda mrefu. Mimi ni mtoto wako. Nilikuwa nimeshakushawishi kabla hujaipasua bahasha.

Hujawahi kuninyima kitu. Nilipotaka kwenda kusoma Mbeya ulisema ndiyo ukijua vizuri nani angebaki na jembe. Nilipotaka kuja huku ulisema ndiyo msiba wa baba ukiwa bado mbichi. Ndiyo yako nimeishi ndani yake maisha yangu yote. Hapana yako siijui inafananaje, na sidhani kama kuna mtu kati ya wanao anayeijua.

Kwetu mtu hapeleki ombi zito kwa mdomo wake mwenyewe. Anatuma mtu, ili anayeombwa aweze kukataa bila kumkataa mwenziwe usoni. Hata kuku wa mahari ana mtu wa kumsemea. Nilisahau hilo siku nilipoweka simu kwenye mkeka. Nilifanya kama huku wanavyofanya, nikauliza mwenyewe, mtoto kwa mama yake, nikaita hiyo ni ridhaa. Na hapo ndipo nilipokosea, naona, hata kabla ya ile aya.

Kwa hiyo jibu usinipe mimi. Mpe Mercy. Fomu iko upande wa ndiyo. Imetengenezwa kwa ajili hiyo, na mimi mwanao nimeibeba. Upande wa hapana haukuwa na mtu. Sasa una mtu, amekaa mbele yako, na ana sababu yake nzuri ya kulitaka neno hilo. Ukisema hapana, humnyimi mtu kitu bure, kuna binti wa watu atakayekwenda kuandika juu ya mchele, na atauandika vizuri kuliko nilivyokuandika wewe. Ukisema ndiyo, utaisema mbele yake, si mbele yangu, na nitajua kwamba ilikuwa na uzito. Atanitumia neno moja tu kwenye simu. Nimemwomba asilipambe.

Utaniuliza mimi nataka nini. Nataka ufadhili. Nataka kuja nyumbani na kukaa, si kuja kwa likizo na kuhesabu siku. Na nataka nisiwe nimeiandika ile aya. Nayataka yote kwa nguvu moja, hakuna linalolishinda lingine, na kila asubuhi naamka nikidhani moja limeshinda, nikinywa chai naona bado.

Likiwa hapana, mkataba wangu unaishia kabla ya mpunga mwingine kupandwa, na utaniona mlangoni na sanduku, sina kazi, na utasema "sawa, mwanangu". Hiyo nitaipokea.

Kama utapenda, na kama hutapenda usiniambie, siku moja nieleze ulinyamazia nini. Bila simu mkekani. Sitaliandika. Najua mtu mwenye kazi yangu hastahili kuaminiwa akiahidi jambo kama hilo, lakini naahidi.

Nisalimie kaka Gwamaka, mwambie atengeneze ile pampu kabla hajaniomba nyingine. Wifi Neema na wanafunzi wake wa Ngonga. Shangazi Bupe umsomee ile aya na yeye, ana haki ya kukasirika, nimemfuta kabisa kwenye maisha yako. Bibi mdogo wa Busale, kama macho bado yanamruhusu kuja kanisani. Mchungaji na mama mchungaji. Na Mercy mpe wali wa Kyela wa kweli, samaki wa mbasa akipatikana mpikie, na usimuulize kwa nini hajaolewa, ameshaulizwa na watu wa kwao.

Ndaga fijo, Mama, kwa kusoma mpaka hapa.

Nilitaka kumalizia kwa kuandika "mwanao tu", nikaona si kweli. Ni mimi mwanao, na ni mimi yule aliyekuandika, na sijui ni yupi kati ya hao anayesubiri jibu lako kwa hofu zaidi.

Tupokigwe